Musa Alipoikagua Kazi

JUMATANO

Soma Kutoka 5:6–19. Farao aliondoa kitu gani, na ni kitu gani hakukipunguza?

Majani yaliondolewa, hesabu ya matofali ikabaki palepale. Hesabu ilipopungua, wanyapara wa Kiebrania walipigwa. Walipokwenda kulalamika kwa mfalme waliambiwa kwamba shida yao ni uvivu. Hakuna aliyeuliza majani yametoka wapi. Angalia pia aliyepigwa ni nani: mnyapara, mtu wa katikati, anayebanwa kutoka juu kwa kosa lisilo lake. Wengi tunaosimamia wenzetu tumesimama mahali hapo, na kiboko tulichochapwa nacho tumekishusha kwa walio chini yetu.

Katika madarasa yetu ya Shule ya Sabato, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay na Liuli, wamo walimu, wauguzi, maafisa ugani na watendaji wa vijiji. Zamani mtumishi wa umma aliandikiwa taarifa ya siri na mkuu wake. Mwaka 2004 serikali ilileta OPRAS, mfumo wa wazi, ambamo mtumishi na msimamizi wanakubaliana malengo, wanakutana katikati ya mwaka, kisha wanapima pamoja. Siku hizi kazi hiyo inafanyika kwa kompyuta kupitia PEPMIS. Uwazi ni jambo jema, nami siutamani ule usiri. Lakini mtu anaweza kupewa alama bila kuambiwa neno hata moja. Hapo ndipo usingizi unapopotea. Anaanza kumkwepa mkuu wake, na baadaye anajifunza kuficha makosa. Muuguzi anayeogopa kufokewa mbele ya wagonjwa hatasema kwamba amekosea dozi, na atakayeumia ni mtoto aliyeletwa kwa mtumbwi usiku.

Niungame jambo. Miaka mingi iliyopita nilikagua darasa la mwalimu mmoja katika shule ya mwambao. Sikuona andalio la somo, nikaandika sentensi moja kali kwenye kitabu chake, nikaondoka kuwahi gari la kupanda Mbinga kabla ya mvua. Baada ya muda mrefu tulikutana sokoni. Alinisalimu, “Shikamoo mwalimu,” kwa heshima zote, kisha akanitajia sentensi ile neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimeisahau. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amekesha na mtoto wake mwenye malaria. Dakika tano za kuuliza zingetosha. Nilimwomba msamaha palepale kati ya mafungu ya usipa, naye alinisamehe, lakini miaka aliyoibeba ile sentensi siwezi kumrudishia.

Sasa soma Kutoka 39:32–43. Musa alifanya nini alipomaliza kuitazama kazi?

Watu waliochapwa kwa ajili ya matofali ndio hao waliojenga hema la kukutania. Safari hii vifaa vililetwa hadi vikazidi (Kutoka 36:5–7), na mafundi Bezaleli na Oholiabu walitajwa kwa majina na Bwana mwenyewe. Musa hakuipitisha kazi kwa kufumba macho. Aliikagua yote, akaona imefanyika kama Bwana alivyoagiza, kisha akawabariki. Alikuwa mtu aliyelelewa katika nyumba ya Farao! Mtindo wa ukaguzi alioukuta kule hakuuleta jangwani.

Je, kazi ikiwa mbaya? Wamatengo wa zamani walikuwa na sengu, mahali ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja, na hapohapo wazee wakashauri na kuamua mashauri. Chakula na maonyo vilikaa mahali pamoja. Soma Yohana 21:9–17 ukikumbuka jambo hilo. Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa (Yohana 18:18). Ufukweni anakuta tena moto wa makaa, na samaki juu yake. Yesu anawalisha kwanza. Baada ya kula ndipo anapouliza mara tatu, kwa idadi ileile ya kukana. Swali lilimhuzunisha Petro. Fungu la 17 halifichi. Lakini kila jibu lilifuatwa na kazi ya kufanya. Petro aliyetoka pale alikuwa amekaripiwa na ameajiriwa upya.

Tusidhani basi kwamba upole ni kunyamaza. Msimamizi anayenyamaza mwaka mzima kisha anashusha alama mwezi Juni hana tofauti kubwa na anayefoka. Na mtumishi naye asimwite Farao kila anayemwonya. Mithali 27:6 inazungumzia majeraha yanayotoka kwa rafiki.

Maswali ya kujadili

1. Mtumishi katika darasa lako amepewa alama ya chini kwa kazi iliyokosa vifaa. Mkuu wake naye ni mshiriki wa kanisa hili. Mathayo 18:15 inamwelekeza afanye nini kwanza, na ninyi mtamsaidiaje afike hapo?

2. Kumbuka neno moja ulilomwandikia au kumwambia mtu aliye chini yako mwaka huu. Unajua alikuwa katika hali gani siku ile? Kama hujui, utamwuliza lini?