Je, Kungoja Bandarini ni Kukosa Tawakali?

Kuna neno lisemwalo sana katika bandari zetu wakati wa kusi, nasi twaona yafaa lichunguzwe. Chombo kimetia nanga, bahari imechafuka, nahodha amesema haondoki, mara abiria mmoja huinuka akasema, "Twende, Mungu yupo." Msemaji huonekana ana imani, na nahodha huonekana mwoga. Je, ndivyo ilivyo?

Wazee wetu hawakuwa haba wa imani, na bahari waliijua. Kaskazi, ivumayo tangu Disemba hadi Machi, ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Oman na Ghuba. Na kusi, ianzayo Aprili, ndiyo iliyoyarejesha. Lakini kusi ikishika nguvu, katika Juni na Julai, vyombo vilipandishwa pwani, vikakalafatiwa na kupakwa deheni, vikangoja. Hapana aliyesema kwamba kungoja huko kumepunguza tawakali yao.

Tawakali si kuacha sababu. Bwana Mtume (s.a.w.) alipoulizwa habari ya ngamia, aliamuru afungwe kwanza, kisha mwenyewe amtegemee Mungu. Na Sayyidna Umar (r.a.), akiwa njiani kwenda Shamu, alipata habari ya tauni alipofika Sargh, akataka shauri, kisha akarejea. Abu Ubaida akamwuliza kama akimbia kadari ya Mungu. Maana ya jawabu lake ni kwamba atokako ni kadari ya Mungu, na aendako pia ni kadari ya Mungu. Basi nahodha atiaye nanga hakuikimbia kadari. Amechagua ile aliyopewa akili ya kuichagua.

Tena sheria yenyewe imemtaja mtu huyu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani, msafiri aliyezuiliwa na upepo, naye atazamia kuondoka wakati wowote utakapotulia, ana ruhusa ya kupunguza sala mpaka siku 18. Tazameni hekima iliyomo: mwenye kungoja hakuhesabiwa kuwa amekaa, bali amehesabiwa kuwa yumo safarini. Kungoja kwake ni sehemu ya mwendo wake.

Na liko jambo kubwa zaidi, nalo ni amana. Mtu aendaye bara kwa gari, tuseme Thika au Ruiru, akifikwa na mvua kubwa aweza kusimama kando ya njia akashuka. Abiria wa baharini hana pa kushuka. Hiari yake yote huiacha gatini. Kwa hivyo shauri la kuondoka halina budi kukatwa bandarini, na alikatalo hukata juu ya roho zisizo zake. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja, upepo ukiwa mkali na mawimbi makubwa, ikapinduka karibu na Chumbe. Watu zaidi ya 100 walikufa au hawakuonekana tena. Mungu awarehemu. Mwenye kusema "Mungu yupo" amesema kweli. Lakini Mungu yupo bandarini pia, na ametukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi.

Hatusemi kwamba kila wingu ni udhuru. Uvivu nao hujificha nyuma ya upepo. Siku hizi idara za hali ya hewa za Kenya na Tanzania hutoa maonyo ya upepo na mawimbi. Na afuate hayo pamoja na ujuzi wa mabaharia, si woga wala pupa.

Lakini tusimlaumu nahodha peke yake. Baharia alipwaye kwa fungu la nauli, kila siku ya kungoja hula akiba yake. Na mchuuzi wa samaki aona mali yake ikioza. Wengi waingiao katika mawimbi hawasukumwi na ujasiri, wasukumwa na njaa na deni. Basi sisi tulio majumbani tumewafanyia nini? Qurani imemtaja msafiri aliyekatikiwa miongoni mwa wenye haki katika zaka. Nani kati yetu, upepo uvumapo, hushuka pwani kuuliza ni nani aliyelala chomboni bila chakula? Mdai gani humwambia mdeni wake, "Ngoja mpaka kusi ipungue"?

Lau kila mji wa bandari ungalimfanyia wepesi mwenye kungoja, kwa chakula, kwa malazi na kwa kumpa muhula mwenye deni, nahodha angaliweza kusema "Hatuondoki leo" bila ya kuwaogopa abiria wake wala tajiri wake. Subira ya mmoja yataka ukarimu wa wengi. Na kusi hurudi kila mwaka. Tusingoje msiba ndipo tukumbuke.