Haki Inapogusa Riziki

Juni 2025 Pep Guardiola, kocha wa Manchester City, alitunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Manchester. Hapo alizungumzia uchungu anaoupata akiwaona watoto wa Gaza. Nilifurahi, nikaisambaza video hiyo kwa kila ninayemjua.

Kisha nikakumbuka mwaka 2018. Chama cha soka cha England kilimtoza faini ya pauni 20,000 kwa kuvaa utepe wa njano, ishara ya kuwaunga mkono viongozi wa Katalunya waliokuwa wamefungwa Hispania. Lakini mmiliki wa klabu yake ni mwana wa familia inayotawala Abu Dhabi, na wakati huohuo mtetezi wa haki Ahmed Mansoor alikuwa kizuizini Falme za Kiarabu. Huyu hakuvaliwa utepe.

Je, kimya hicho kinabatilisha maneno yake juu ya Gaza? Sioni hivyo. Ukweli haupungui kwa kasoro ya msemaji. Ila Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Kumlaumu dhalimu wa mbali ni rahisi. Mtihani ni yule anayetulisha.

Nami sijasalimika. Mwenzangu wa chumbani, anayenikopesha nauli kila mwezi, aliibia kwenye mtihani, nami nikanyamaza. Leo baada ya Isha nitamnasihi, inshaallah. Nauli nitaitafuta kwingine.