Maji Tahiri na Maji Salama

Katika darasa zetu sote tumesomeshwa, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kwamba maji yakitimia kulateni, nayo ni kiasi cha lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yatakapobadilika rangi, au tamu, au harufu yake. Hiki ni kipimo chepesi chenye rehema, kwani jicho, ulimi na pua ni vya kila mtu. Lakini liko suali ambalo aghalabu hatulipi haki yake: mtu akimwaga uchafu wake katika maji mengi, na maji yasibadilike, je, amekwisha kutoka katika dhima?

Na tuwatazame ndugu zetu wa Homa Bay na Migori, kandoni mwa Ziwa Viktoria. Mwenye kulitazama ziwa lile haoni kulateni moja, aona bahari. Na pamoja na wingi huo, mwaka 2015 kipindupindu kiliingia katika kaunti zote mbili, na watu wakafa. Kidudu cha maradhi hayo hakigeuzi rangi ya maji wala hakiyapi harufu. Basi yamkini maji yakafaa kwa udhu, na yakamwua mwenye kuyanywa.

Wala asidhani mtu kuwa palipo na ziwa hapana kiu. Nyatike, upande wa Migori, na bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay, ni nchi za jua kali. Mto Kuja hushuka kutoka vilima vya Kisii, ukapita Migori, ukamwagika ziwani huko Nyatike. Na alichokiacha mtoni mtu wa juu, wa chini hukiteka kwa mtungi. Huyu wa chini ndiye jirani, ijapokuwa hatujui jina lake. Atasema mtu: mimi sikukusudia. Naam, na aliyechimba shimo katikati ya njia hakukusudia pia, lakini mafakihi wamemtoza dhamana ya aliyetumbukia.

Na dawa yake si ya kuwashinda watu wa soko dogo, au skuli, au hospitali ya shamba. Huchimbwa mabwawa matatu yenye kufuatana. La kwanza huwa na kina kirefu. Humo tope hutuama, na vijidudu visivyohitaji hewa huula uchafu. La pili ni la kina kifupi zaidi, humea vijimea vya kijani vidogo mno, navyo kwa nguvu ya jua huyapa maji hewa. La tatu ni kama mita moja tu, ili jua lipenye na kuua vijidudu vya maradhi. Mayai ya michango nayo huwa yamekwisha kuzama. Hapana mashine wala umeme. Yatakiwa ardhi, majuma kadhaa ya subira, na mtu wa kufyeka majani kingoni, la sivyo mbu watazaliana, na nchi ile malaria imeizidi tayari. Hapa ndipo jambo huharibika: kuchimba watu hushangilia, kufyeka kila mtu humngoja mwenziwe.

Maji yatokayo humo, yakipimwa yakaonekana mazuri, yafaa kunyweshea miti na majani ya ng'ombe, na katika nchi kavu hiyo ni neema. Moyo wa mtu wetu utachukia, akisema asili yake ni chooni. Lakini Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Saudia lilitoa fatwa mwaka 1978 kwamba maji ya namna hii yakisafishwa kabisa, pasibaki athari ya najisi katika rangi, tamu wala harufu, huwa tahiri, hata udhu wafaa. Ama kuyanywa, likakataza iwapo yatadhuru, si kwa unajisi wake bali kwa ajili ya afya. Tazama walivyoyatenga mambo mawili ambayo sisi twayachanganya.

Na tusiwanyoshee kidole watu wa bara. Kisiwa chetu cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye tundu tele, na nyumba nyingi zina mashimo ya vyoo, na visima vingali vyatekwa. Kabla ya darasa ijayo, kila mmoja wetu na apime kwa hatua zake: kutoka shimo la nyumba yake hata kisima kilicho karibu, chake au cha jirani, ni hatua ngapi?