Kosa la Mkubwa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tumelelewa nayo, na wengi wetu tumeionja kwa magoti yetu wenyewe. Lakini katika hazina yote ya wahenga sijapata bado neno la kunituliza pale mkuu mwenyewe anapokosea, nami nimeliona kosa lake. Nikinyamaza, nimemheshimu au nimemwacha apotee? Nikisema, nimemsaidia au nimemvunjia adabu? Swali hili nimekaa nalo zaidi ya miaka arobaini, na kilichonikalisha nalo ni ndege ya plastiki yenye urefu wa sentimita thelathini na sita tu.

Usicheke, ndugu msomaji. Mambo makubwa mara nyingi hutujia kwa mlango mdogo.

Mjomba wangu alikuwa fundi katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, huko Embakasi, Nairobi. Shirika hilo lilianza kazi mwaka 1946, na baada ya uhuru likawa mali ya pamoja ya nchi zetu tatu. Kuanzia mwaka 1966 lilipokea ndege za Super VC10, moja baada ya nyingine hadi zikatimia tano mwaka 1970. Zilikuwa fahari kweli. Injini zake nne zilipangwa nyuma, mbili kila upande, mabawa yakaachwa safi bila kitu. Na juu kabisa ya mkia kulikuwa na bawa dogo lililokingama kama herufi T. Ukisoma herufi za usajili ulijua kila moja imeandikishwa nchi gani: 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania. Mjomba alishughulika na mabati ya kiwiliwili. Alikuwa akisema kwamba bati lina lugha yake, na fundi asiyelisikia hana haki ya kuligonga.

Mwaka 1977 Shirika lilipovunjika alirudi kwetu Tanga na sanduku la zana, redio moja, na boksi la kadibodi alilokuwa ameletewa zawadi na mwenzake kutoka Uingereza. Ndani ya boksi kulikuwa na vipande vyeupe vya plastiki vya kuunganisha Super VC10 kwa kipimo cha 1 kwa 144. Akawa anakaa barazani jioni, taa ya chemli mezani, gundi na wembe mkononi. Mtu aliyezoea kupanda ngazi kuifikia ndege sasa aliishika ndege nzima kiganjani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Yeye akiniita mjomba, nami nikimwita mjomba, kama ilivyo desturi, nikimshikia vipande gundi ikikauka.

Usiku mmoja wa mwaka 1978 walikuja wazee wawili wa mtaani kusikiliza taarifa ya habari. Mjomba alikuwa amekwisha kuunganisha kiwiliwili na siku hiyo alikuwa ameweka lile bawa dogo la juu ya mkia. Akaiinua ndege wageni waione. Wakaisifu. Mimi, kwa sauti ya mtoto aliyefaulu mtihani, nikasema, “Lakini mjomba, mkia umepinda.”

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, “Kumbe ndiyo maana Shirika limeanguka!” Ulikuwa utani, nao ulipita. Mjomba naye alicheka. Kisha akairudisha ndege ndani ya boksi taratibu, akafunga kwa uzi, akaliweka juu ya kabati. Hakulifungua tena maisha yake yote.

Kwa muda mrefu nilijitetea moyoni kwa maneno yake mwenyewe. Kwani si yeye aliyenifundisha kwamba ndani ya karakana ya ndege hakuna mkubwa? Alinieleza mara nyingi kwamba kijana anayejifunza akiona ribiti imelegea, na aliyeigonga ni mkuu wake wa kazi, ni wajibu aseme palepale. Na alikuwa na sababu. Tarehe 18 Aprili 1972 moja kati ya zile ndege tano, yenye usajili 5X-UVA, ilikuwa ikikimbia kuruka kutoka Addis Ababa. Gurudumu la mbele likapita juu ya kipande cha chuma kilichosahauliwa njiani, mpira ukapasuka, rubani akakatisha safari. Ndege haikusimama kwa wakati. Ilipita mwisho wa njia, ikavunjika na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Uchunguzi ulieleza kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa isivyo sahihi, na kwa hiyo nguvu ya breki ilikuwa pungufu. Mjomba hakuwa na lolote katika breki zile. Hiyo haikuwa idara yake. Lakini kila alipoisimulia habari hiyo aliinamisha kichwa kama mfiwa.

Basi, nilijiambia, mwenye kufundisha kwamba kosa lisemwe asinune likisemwa lake. Utetezi huo ulinitosha ujanani. Mjomba alifariki mwaka 1996, na boksi likanijia mimi. Nililihamisha nyumba tatu bila kulifungua. Mtu asiye na hatia hahamishi boksi namna hiyo.

Nimelifungua baada ya kustaafu ualimu. Plastiki ilikuwa imegeuka manjano. Karatasi ya nembo, ile inayolowekwa majini ili picha ibanduke, ilipasuka vipande vipande nilipoigusa. Vipande vyenyewe vilikuwa vya zamani, na kiwanda kilivitengeneza kwa mazoea ya siku hizo: juu ya mabawa vichwa vya ribiti vimetuna kama chunusi, na kingo za nyuma za mabawa ni nene mno. Nilipiga msasa wiki mbili. Nikajaza puti kwenye mishono. Ndege za Shirika letu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto mbele, ambao vipande hivi havikuwa nao. Nikauchora kwa ncha ya sindano, nikiongozwa na ukanda wa bati. Hayo yote niliyafanya kwa furaha, maana hayakuwa makosa ya mtu wangu.

Kisha nikaweka magurudumu, nikaisimamisha mezani. Ikakaa chali, mkia chini, pua juu, kama mbwa anayeomba mfupa.

Sababu yake ni rahisi. Injini zote ziko nyuma, na pua ni tupu. Aunganishaye ndege ya namna hii hana budi kutia uzito ndani ya pua kabla hajafunga kiwiliwili. Mjomba alikuwa amefunga bila kutia uzito. Kosa la pili, na hili sikuliona mtoto, wala yeye hakuliona.

Hapo swali langu la zamani likarudi likiwa zito zaidi. Kuutia uzito ilibidi nipasue mshono ambao mikono yake iliuunganisha, na mshono ule ndio alama pekee ya mikono yake niliyobaki nayo. Ningeweza kuweka kijiti chini ya pua, gurudumu la mbele likaning’inia. Ningeweza kuegemeza mkia kwenye kitabu. Mke wangu, ambaye hana muda na falsafa, aliniambia nikiache alichokiacha marehemu. Wengi wangemuunga mkono. Tumezoea kusema marehemu hasemwi vibaya.

Nilifikiri siku kadhaa. Nikaona kwamba katika neno heshima tumeficha mambo mawili tofauti. Liko jambo la kumlinda mtu, na liko jambo la kulilinda kosa lake. Kwa nje yanafanana. Lakini anayelilinda kosa la mkubwa amekwisha kuamua kwamba mkubwa huyo hawezi kulikabili. Amemfanya mtoto au sanamu. Mjomba aliiunganisha ndege ile isimame kwa magurudumu yake matatu. Hiyo ndiyo nia yake. Kuiacha imekaa chali, kisha nikaiita kumbukumbu, kungekuwa kuyaheshimu mapungufu yake na kuidharau nia yake.

Nikapasua. Nilipitisha wembe mpya polepole kwenye mshono wa pua, nikatia chubwi mbili ndogo za mshipi nilizonunua kwa wavuvi, nikazishika kwa gundi nyingi, nikafunga. Ndege ikasimama.

Ukabaki mkia. Nilipima kwa uzi na rula kutoka ncha ya bawa dogo hadi mezani, kushoto na kulia. Tofauti ilikuwa milimita tatu. Kwa hiyo yule mtoto wa mwaka 1978 alisema kweli. Nakiri kwamba kwa nukta moja nilifurahi, baada ya miaka yote ile, kuwa nilikuwa sahihi. Kisha furaha ile ikanitia haya. Kwani nilikuwa nimelikosea nini, kama si ukweli wenyewe?

Nadhani sasa najua. Karakanani kijana humwambia mkuu wake kosa kwa sababu ya abiria. Maneno yake yana mwenyewe: watu ambao watapanda ndege hiyo kesho. Mimi usiku ule maneno yangu hayakuwa ya abiria yeyote. Yalikuwa ya wazee wawili waliokuja kusikiliza redio, ili waone kwamba nina macho. Ukweli ule ule, ukisemwa kwa ajili ya mwingine, ni msaada; ukisemwa kwa ajili ya msemaji, ni pambo lake. Na kwa mtu aliyekuwa amepoteza kazi, mji na marafiki mwaka mmoja tu kabla, nilikuwa nimelivaa pambo hilo juu ya kidonda chake. Ningengoja wageni waondoke, angeshusha taa, angeutazama mkia, na asubuhi tungeunyoosha pamoja.

Basi niliunyoosha usiku, mlango umefungwa, peke yangu. Sidanganyi nafsi yangu kwamba hilo limelipa deni. Marehemu hajibu, hakubali, hasamehi. Kumsahihisha aliyekufa ni kazi nyepesi mno kuitwa ushujaa. Nimefanya tu kwa kuchelewa kile nilichopaswa kufanya kwa wakati.

Zile ndege nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya Shirika kufa, zikageuzwa kuwa za kuzipa ndege nyingine mafuta angani katika jeshi la anga la huko. VC10 mbili za mwisho kuruka jeshini, Septemba 2013, zilikuwa 5H-MMT na 5H-MOG za zamani, za kwetu. Mjomba hakuishi kuliona hilo. Miaka yote hiyo, naamini, kuna kijana aliyemwambia mkubwa wake, “Samahani mzee, hapa pamelegea,” na mkubwa akainama kutazama.

Yangu niliiandika 5H-MOG, kwa mkono, maana karatasi ya nembo ilikuwa imeharibika. Ijumaa iliyofuata tulikuwa na wageni. Mpwa wangu wa miaka kumi na miwili aliizunguka meza mara mbili, kisha akasema mbele ya watu wote, “Mjomba, hii herufi ya G imelala.”

Nilihisi uso unaniwaka. Wageni walikuwa wananitazama. Nikamwambia alete taa, tuitazame.