Ajira ni amana, isianze kwa uongo

Ndugu Waislamu, juzi baada ya Isha, hapa Tabora, mtoto wa marehemu kaka yangu alinijia na jambo zito. Ana shahada, na mwaka wa tatu huu anatuma maombi Sekretarieti ya Ajira. Usaili kaitwa mara mbili, kazi hakupata. Sasa kajitokeza mtu wa "kumsaidia": atoe fedha, alama za cheti chake cha kidato cha nne zibadilishwe.

"Baba mdogo, wenzangu wamepita hivyo hivyo," akaniambia.

Sikumkaripia, kwani najua mama yake anamtegemea. Nilimkumbusha mwaka 2017, uhakiki wa vyeti ulipowaondoa kazini watumishi 9,932. Ni nyumba ngapi zililala na kilio?

Kisha nikamwambia habari za Nabii Yusuf (AS). Naye aliomba kazi serikalini, ya kusimamia hazina za Misri. Hakutaja ukoo wala hakutoa hongo. Alitaja sifa mbili tu: ni mwenye kutunza na ni mjuzi. Zote alikuwa nazo kweli.

Wazee wetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Mzigo uliopokelewa Tabora ulipaswa kuonekana pwani. Nasi mizigo yetu itakaguliwa, tena na Asiyefichwa kitu.

Kijana ametuma tena maombi, kwa alama zake zile zile. Majibu bado. Tumuombee, na tujiulize: mshahara wa cheti cha uongo, futari yake tutaifungulia kwa dua gani?