Bega Si Mizani

Ujumbe wa Jumapili kwa ufupi
Andiko la msingi: 1 Wafalme 19:1-18
Soma pia: Zaburi 88, Yohana 15:1-2, Waebrania 13:5



Jumapili tulishika swali ambalo wengi wetu hubeba kimya kimya, hatuthubutu kulisema kanisani. Mbona wakati wa ibada nahisi Mungu yuko hapa kabisa, halafu Jumatatu asubuhi kwa majani chai, ukungu umeshika, kapu liko mgongoni, nahisi niko peke yangu?

Dada mmoja wetu alilisema wazi, na ameniruhusu nilitaje swali lake bila jina. Anafikiria kuacha kuimba kwaya. Miezi kadhaa sasa akiomba hahisi kitu, machozi hayaji, na hataki kusimama madhabahuni kama mnafiki. Jirani amemwambia ana dhambi ya siri. Mwingine amemwambia kuna mtumishi mahali anauza mafuta, akipakwa tu atafunguliwa. Akaniuliza, "Pastor, Mungu ameniacha?"

Hilo si swali dogo. Watu wameacha wokovu kwa sababu ya hilo swali. Wengine wamemaliza pesa ya karo wakizunguka kutafuta mtu wa kuwarudishia moto. Kwa hivyo tulimwendea Eliya.

Jumatatu ya Eliya

Sura ya 18 ni kesha kubwa. Mlima Karmeli, moto unashuka, watu wanaanguka kifudifudi, mvua inanyesha baada ya ukame wa miaka. Kama kulikuwa na mtu wa kuhisi uwepo wa Mungu, ni huyo. Geuza ukurasa. Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa vitisho, na Eliya anatimua mbio hadi Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti na kuomba afe.

Angalia vizuri. Huyu hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Hakuwa ameacha kuomba. Maombi yake ya siku hiyo yalikuwa ya kuomba kufa, lakini alimwomba Mungu. Mtumishi mwenye upako anaweza kukauka. Na Biblia haikuificha hiyo sura ili tumwone Eliya shujaa. Vile vile haikuiondoa Zaburi 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila hata haleluya moja. Roho Mtakatifu aliiacha humo kwa sababu alijua kuna mwaka utaihitaji.

1. Hisia zako si kipimo cha uwepo wa Mungu

Wewe uliyechuma chai unajua jambo hili. Asubuhi, ukiwa na nguvu, kapu la kilo kumi halikusumbui. Saa nane mchana, kilo zile zile kumi zinakuvunja mgongo. Je, majani yameongezeka? La. Ni wewe umechoka. Na ikinyesha ndio mambo yanaharibika kabisa.

Ndiyo maana kwa kituo kuna mizani. Najua wako wanaonung'unika hata juu ya hiyo mizani na kilo za gunia zinazokatwa, lakini hakuna mkulima aliyewahi kumwambia karani, "Guza bega langu uandike kilo." Bega linakuambia habari za mwili wako. Halikuambii habari za kapu.

Hisia ni bega. Zinakuambia ukweli fulani: umechoka, umeumia, una hofu, hujalala. Usizidharau. Lakini hazina uwezo wa kupima kama Mungu yuko ama hayuko. Hiyo kazi ina mizani yake, na ni ahadi aliyoitoa mwenyewe kwamba hatatupungukia wala kutuacha. Waebrania 13:5 haina mstari wa pili unaosema "isipokuwa siku ambazo hamtanihisi."

Eliya alihisi nini? Alisema amebaki peke yake, manabii wengine wote wameuawa. Alisema mara mbili, mstari wa 10 na mstari wa 14. Mungu akamjibu kwa hesabu: kuna watu 7,000 katika Israeli ambao hawajapigia Baali goti. Sisi tuliosomea biashara tunaambiwa usifanye uamuzi mkubwa kabla hujaangalia vitabu. Eliya alitaka kufunga huduma na kufunga maisha yake kwa hesabu iliyokosea kwa watu 7,000. Ndugu, usiache kwaya, usiache ndoa, usiache wokovu kwa hesabu ya bega.

2. Mungu huja na chakula kabla ya kuja na mahubiri

Malaika alipomfikia Eliya hakumkemea pepo. Hakumuuliza amefunga siku ngapi. Alimguza, akamwambia aamke ale. Mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika hakumsumbua. Akaja mara ya pili na chakula tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kumzidi.

Wapendwa, hebu tuseme ukweli. Kuna mtu hapa anaamka saa kumi, anakama ng'ombe, anapeleka watoto barabarani, anachuma mpaka mchana, anangoja lori ya kiwanda hadi usiku, anapika, na Ijumaa yuko kesha. Halafu anashangaa mbona Jumapili hahisi kitu. Dada yangu, wewe hujaachwa na Mungu. Wewe hujalala! Kesha ni nzuri, tutaendelea nazo. Lakini usingizi pia umetoka kwa Bwana, na Eliya alipewa mara mbili.

Na niongeze hili. Kama giza limekaa wiki baada ya wiki, huli, hulali, na unawaza afadhali ufe kama Eliya alivyowaza, usikae nalo peke yako. Niambie, ama mwambie mzee wa kanisa, na uende hospitali. Pale Tenwek, huku kwetu Bomet, kauli yao tangu zamani ni kwamba wao hutibu na Yesu ndiye huponya. Kumwona daktari si kukosa imani. Malaika wengine huvaa koti jeupe.

3. Kimya kina sababu zaidi ya moja

Chai hukatwa kila baada ya miaka mitatu au minne hivi. Mgeni akipita barabara ya Kericho kwenda Bomet na kuona shamba limekatwa likabaki vijiti, atadhani adui amepita. Miezi kama mitatu huchumi kitu. Mizizi iko hai, na aliyeshika panga ni mwenye shamba mwenyewe, anayetaka majani zaidi. Yohana 15 inasema Baba hulikata tawi linalozaa ili lizidi kuzaa. Kuna misimu Mungu anaondoa zile hisia tulizozoea, ili tujue kama tunampenda yeye ama tunapenda kusisimka.

Lakini tusiharakishe kumwambia kila mtu, "Mungu anakukata." Huku kwetu pia kuna mvua ya mawe. Inashuka dakika chache, majani yote yako chini, na hakuna mkulima aliyeipanga. Kuna aliyefiwa. Kuna aliyekuwa na kazi ya kuchuma na mashine ikaichukua. Mwaka 2025 bonasi ya viwanda vingi vya upande wetu ilikuwa chini sana kuliko ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, na kuna nyumba zilikuwa zimeahidi karo na deni la duka juu ya hiyo pesa. Mtu kama huyo akisema hamhisi Mungu, usimpe mafundisho. Kaa naye. Mpelekee unga.

Na ndiyo, kuna wakati ni dhambi. Isaya 59:2 inasema hivyo bila kupaka sukari. Jichunguze mbele za Mungu kwa ukweli. Kama kuna jambo unalijua, litubu leo na uliache. Lakini kama umechunguza na hakuna, usijitungie dhambi ili upate maelezo. Roho Mtakatifu akikuhukumu anataja jambo lenyewe. Shutuma isiyo na jina, inayokuambia tu kwamba wewe ni mbaya, haitoki kwake.

4. Mungu alimpa Eliya kazi na mwenzake

Kule Horebu ulipita upepo, tetemeko na moto. Eliya, mtu wa moto, angetarajia Mungu awe pale. Hakuwepo ndani ya hivyo. Ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Na sauti hiyo haikumwambia abaki pangoni akiisikiliza. Ilimuuliza unafanya nini hapa, kisha ikamwambia arudi kazini. Mtie huyu mafuta, mtie yule mafuta, na umchukue Elisha awe mwenzako.

Elisha alipatikana wapi? Shambani. Analima, jozi 12 za ng'ombe mbele, yeye yuko na ya 12. Hakuwa kesha siku hiyo. Wito wa Mungu ulimkuta kwa mtaro wa shamba, viatu vina matope. Kwa hivyo usidhani laini yako ya chai iko mbali na madhabahu.

Mkulima mdogo wa KTDA hulipwa kila mwezi, halafu bonasi inakuja mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba. Bonasi inapigiwa kelele, lakini ile ya mwezi ndiyo inanunua chumvi na sabuni. Karmeli ni bonasi. Tunaishukuru na tunaitamani. Ila mtu hali bonasi kila jioni. Neema ya kila siku ndiyo inakuamsha, inakufanya usimjibu mume vibaya, inakurudisha kwa laini yako na kwa Biblia yako hata kama hujasikia chochote.

Yule dada nilimwambia aendelee kuimba. Mnafiki ni yule anayejifanya. Anayeimba ukweli ambao leo hauhisi, huyo anatoa dhabihu.

Ya kufanya wiki hii

Asubuhi, kabla hujashika simu, soma 1 Wafalme 19 mistari michache tu, polepole.

Ukianza kuchuma, ama ukikaa ofisini, ama ukiwasha boda yako, sema kwa sauti: "Bwana, uko hapa." Usingoje kuhisi ndipo useme.

Chagua usiku mmoja ulale mapema.

Mwambie mtu mmoja wa kikundi chako ukweli kuhusu hali yako. Na ukiambiwa, sikiliza kwanza.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni uamuzi gani ambao umewahi kutaka kufanya ukiwa umechoka kama Eliya?
2. Katika kikundi chetu, ni nani amepigwa na mvua ya mawe mwaka huu, na tutampelekea nini?

Tuombe

Baba, kuna watoto wako wanaosoma hapa na mioyo yao imekauka. Wape mkate na maji leo. Wape usingizi. Wanaohitaji kutubu, wape ujasiri. Wasio na hatia, waondolee shutuma. Na kesho kwa majani chai, hata ukungu ukiwa mzito, tusimame juu ya neno lako kwamba uko nasi. Katika jina la Yesu. Amina.