Kinyozi Hajinyoi: Mwandishi na Makosa Yake

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na akijinyoa hujikata. Methali hii yamgusa sana mwandishi wa kujitegemea, yule asiye na mhariri nyuma yake, ambaye maandishi yake hutoka mkononi mwake hadi machoni pa msomaji bila ya mtu wa tatu. Je, kosa la sarufi katika kazi kama hiyo ni ajali tu, au ni deni?

Wapo wasemao kuwa ni ajali. Lugha, wanahoji, ni mali ya wasemaji. Maana ikifika, safari imekwisha. Hoja hii ina nguvu, lakini inatenga maana na sarufi, na Kiswahili hakikubali utengano huo. Tazama “barua ya mwalimu iliyopotea” na “barua ya mwalimu aliyepotea”. Kilichobadilika ni viambishi tu, ila katika kauli ya kwanza imepotea karatasi, na katika ya pili amepotea mtu. Vivyo hivyo, tajiri “aliyemthamini” kijana alimwona ana thamani. “Aliyemdhamini” alijitwika deni lake. Anayeyachanganya maneno haya amesema lisilo kweli, ijapokuwa hakukusudia.

Hapa nia njema haitoshi. Msomaji hana njia ya kuisoma nia. Anacho kilichoandikwa tu. Ametoa muda wake, na pengine fedha zake, kwa imani kwamba kila neno limepimwa. Maandishi, basi, ni amana, na amana huangaliwa kabla ya kukabidhiwa.

Mshairi ana bahati katika jambo hili. Shairi lenye mizani 16 katika kila mshororo humshitaki mtungaji wake: silabi ikizidi, sikio hukataa, kina kikipotoka, ubeti huchechemea. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zilichapishwa kuwa diwani mwaka 1940, karne nzima baadaye. Katika safari ndefu kama hiyo, vina na mizani ni walinzi wa neno. Mwandishi wa nathari hana walinzi hao. Hana budi kujiwekea wake.

Wa kwanza ni muda. Kazi ilazwe walau usiku mmoja, kwani jicho la aliyeandika huona alichokusudia badala ya alichokiandika. Wa pili ni sauti: sentensi iliyokosa pumzi hujulikana mdomoni. Wa tatu ni kuipitia kazi mara kadhaa, kila mara kwa kosa la aina moja: upatanisho wa ngeli kwanza, kisha “dh” na “th”, kisha “r” na “l”, kisha alama za uakifishaji. Wengine huanza na sentensi ya mwisho na kurudi hadi ya kwanza, ili mkondo wa hoja usiwachukue. Kompyuta nayo husaidia, lakini programu ya tahajia yaweza kulipita “dhamini” kimya pale palipotakiwa “thamini”, kwa kuwa yote mawili yamo kamusini.

Hata hivyo, si kila tofauti ni kosa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita na Kiamu havikugeuka kuwa makosa. Aandikaye “nti” kwa kujua, akaishikilia tangu mwanzo hadi mwisho, anasema kwa lahaja yake. Aandikaye “nti” hapa na “nchi” pale, bila ya sababu, hajaisoma kazi yake. Kinachopimwa ni kama mwandishi alijua alifanyalo.

Deni hilo halilipwi kwa ukamilifu, maana hakuna mja asiyekosea. Hulipwa kwa kukubali, kabla ya kazi kutoka, kwamba huenda kosa limo, na kwa kulitafuta kama atafutavyo mtu wa pili. Kinyozi asiye na mwenzake hununua kioo.